Ushanga Usio na Mwisho: kisa cha kalata B1

Majani yanachemshwa sufuriani, maji yanachujwa, mama aliye kwenye uchungu anakunywa. Uchungu uliokuwa ukisuasua unakaza. Hilo ndilo alilolikuta Lorents Gran, daktari kutoka Norway aliyefanya kazi Kongo miaka ya 1960 na Msalaba Mwekundu. Mmea wenyewe wenyeji waliuita kalata-kalata. Wataalamu wa mimea wanauita Oldenlandia affinis, na wanauweka katika ukoo mmoja na mbuni, huu wa kahawa.

Kisa hiki husimuliwa kwa pumzi moja: daktari akaona chai, maabara ikapata molekuli. Nataka kukieleza taratibu zaidi, kwa sababu kati ya chai na molekuli palipita miaka zaidi ya 20 ya kukwama, na aliyekuja kuikwamua molekuli hiyo akajikuta amefungamana nayo maisha yake yote ya kazi. Huyo ni David Craik, mwanakemia wa Australia. Alisomea shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha La Trobe, akafundisha kemia ya dawa Melbourne, kisha mwaka 1995 akahamia Chuo Kikuu cha Queensland, Brisbane. Tuzo alizopata ni nyingi na nitaziruka. La muhimu ni namna alivyoamua nini kinafaa kuulizwa, na lini.

Turudi kwanza kwenye sufuria. Kwa mkunga, maji ya kalata-kalata ni dawa ya kuongeza uchungu. Kwa mwanakemia wa wakati ule yalikuwa kitu kisichoingia akilini. Homoni inayokaza mfuko wa uzazi ilikuwa inajulikana vizuri: ni oksitosini, peptidi ya asidi amino tisa tu, ambayo Vincent du Vigneaud aliitengeneza maabara mwaka 1953 na kupata Nobel mwaka 1955. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, ndugu mdogo wa protini. Na tabia ya peptidi tunaijua jikoni na hospitalini. Tumbo huzisaga kama linavyosaga nyama, ndiyo maana insulini haimezwi. Joto nalo huziharibu, ndiyo maana oksitosini hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na kituo cha afya ambacho umeme umekatika kwa siku kadhaa kinaweza kuwa na chupa zilizojaa dawa isiyo na nguvu tena.

Sasa hapa kuna dawa imechemshwa, imenywewa, imepita tumboni, na mfuko wa uzazi umeitika. Msomi mwenye haraka angesema kilichomo si peptidi, au akina mama wanajidanganya. Gran hakuchukua njia yoyote kati ya hizo mbili. Alibeba mmea hadi Norway, akaukamua, akatenganisha vilivyomo kimoja kimoja huku akipima kila sehemu kwenye misuli ya mfuko wa uzazi wa wanyama wa maabara. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichapisha jibu: kilichofanya kazi ni peptidi. Iliyokuwa kuu kati ya zote aliipa jina kalata B1.

Niseme jambo moja hapa kabla mtu hajaenda porini kutafuta majani. Dawa inayokaza uchungu bila kipimo ni hatari, iwe ya sindano au ya sufuria. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, mtoto akakosa hewa. Kalata B1 yenyewe ina sumu: ikiwa nyingi kwenye damu hupasua chembe nyekundu. Kuheshimu maarifa ya wakunga hakumaanishi kufumba macho kwa hilo.

Baada ya jina, likaja swali la lazima kwa kila peptidi: asidi amino zake zimepangwaje? Gran alifanya kazi hiyo na Knut Sletten wa Oslo. Mwaka 1973 walikuwa wameshajua peptidi hiyo ina asidi amino za aina gani, na kwamba ni kama 30 hivi. Mpangilio haukupatikana. Sababu yake inahitaji kuelezwa vizuri, kwani ndiyo roho ya kisa chenyewe.

Fikiria shanga za kiunoni. Ukitaka kujua rangi zilivyofuatana, unafungua fundo, unashika ncha ya uzi, unatoa ushanga wa kwanza, unaandika rangi yake, unatoa wa pili. Hivyo ndivyo ilivyofanya kazi njia ya Pehr Edman, iliyotumika kusoma protini enzi hizo. Kemikali hushika asidi amino iliyo kwenye ncha ya kwanza, huikata na kuitambua, kisha huenda kwa inayofuata. Kalata B1 ilipopelekwa kwenye njia ya Edman, hakuna kilichotoka. Maelezo ya kawaida wakati huo yalikuwa kwamba ncha imezibwa na kitu fulani cha kikemia, jambo linalotokea kwenye protini nyingi. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kudhani kwamba ncha haipo kabisa. Protini zote hujengwa na seli kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mkeka unaosukwa. Mkeka usio na pindo lilikuwa jambo lisilo na mfano.

Kazi ikalala. Wapo wanaoona miaka hiyo kama uzembe, na mimi siafikiani nao. Vifaa havikuwepo. Njia ya kuchora umbo la protini iliyo ndani ya maji kwa kutumia NMR ilikomazwa na Kurt Wüthrich huko Zurich mwanzoni mwa miaka ya 1980. NMR ni mashine inayotia sampuli ndani ya sumaku yenye nguvu sana na kusikiliza viini vya atomi vikijibu mawimbi ya redio. Ndugu yake ni MRI tunayopigiwa picha hospitalini. Njia za kupima uzito wa molekuli kubwa bila kuzivunja, za John Fenn na Koichi Tanaka, zilikuja mwishoni mwa muongo huohuo. Watatu hao waligawana Nobel moja ya kemia mwaka 2002. Kalata B1 iliwasubiri wote.

Craik alikuwa mtu wa NMR. Mwaka 1995 timu yake pamoja na watafiti wa Norway na Uingereza, mwandishi wa kwanza akiwa Olivier Saether, ilichapisha mpangilio na umbo. Asidi amino ni 29, na ya 29 imeunganishwa na ya kwanza. Ni duara. Njia ya Edman ilishindwa kwa sababu ilikuwa inatafuta ncha ya kitu kisicho na ncha.

Na duara lilikuwa nusu tu ya ajabu. Kati ya hizo 29, sita ni sisteini, asidi amino yenye salfa. Sisteini mbili zikikaribiana, salfa zao hushikana kama vifungo vya shati. Sita zinatoa vifungo vitatu. Ukizihesabu kwa zamu zilivyofuatana, ya kwanza imeshikana na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Vifungo viwili vya mwanzo, pamoja na vipande vya mnyororo vilivyo kati yao, vinatengeneza tundu dogo. Kifungo cha tatu kinapita katikati ya tundu hilo. Huo ushanga wa kiunoni, basi, umeshonwa ukawa duara, halafu ukapigwa fundo kwa ndani. Kimeng'enya cha tumboni kinahitaji kukamata sehemu iliyolegea ndipo kikate. Hapa hakuna iliyolegea. Maji yanayochemka nayo hulegeza protini iliyokunjwa kwa mshikamano dhaifu, lakini vifungo vya salfa havifunguki kwa sufuria. Mwaka 2004 Michelle Colgrave na Craik waliipima kwa joto, kwa kemikali za kukunjua protini na kwa vimeng'enya, ikasimama. Walipovikata vifungo vya salfa, vimeng'enya vikaitafuna. Fundo, kuliko duara, ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa uimara.

Hapo ndipo wengi wangefunga daftari. Molekuli ya ajabu imeeleweka, makala imechapishwa. Kwa maoni yangu uamuzi uliomfanya Craik awe Craik ulikuja baada ya hapo. Katika miaka ya 1993 na 1994, watu wengine watatu waliokuwa wakitafuta vitu tofauti kabisa walikuwa wameangukia peptidi zinazofanana. Mmoja alikuta yake kwenye mmea wa jamii ya violeti, ua hili la bustanini. Watafiti wa taasisi ya saratani ya Marekani waliokuwa wakisaka dawa ya VVU walizipata kwenye Chassalia parvifolia, mmea wa misitu ya Afrika Mashariki. Kundi la kampuni moja ya dawa lilikuta yake kwenye mmea wa Psychotria. Kila mmoja alikiandika alichokipata kwa lugha ya tatizo lake: VVU, homoni, chembe za damu. Craik aliziweka peptidi zote mezani pamoja na ya Gran, akaona ukoo. Zote zina duara, zote zina sisteini sita, zote zina fundo lilelile. Kinachobadilika ni asidi amino zilizo kati ya sisteini. Mwaka 1999 yeye na wenzake waliupa ukoo huo jina: saiklotaidi. Wakaanza kuzitafuta kwa makusudi, na leo zinajulikana mamia, kwenye ukoo wa mbuni, wa violeti, wa kunde, hata wa maboga na wa nyanya.

Kutoa jina ni kazi ya kisayansi. Kabla ya 1999 mtafiti aliyekuta peptidi ya duara kwenye jani alikuwa na kituko. Baada ya 1999 alikuwa na ndugu wa kitu kinachojulikana, na alijua cha kuangalia.

Halafu ukaja mgogoro, nao ndio sehemu ninayoipenda zaidi. Mwaka 2002 ilitoka makala iliyodai kwamba fundo halipo. Kwa vipimo vyao vya NMR, vifungo vya salfa vimepangwa kama vipago vya ngazi, kimoja juu ya kingine, bila kupitana. Waandishi hawakuwa watu wa pembeni. Miongoni mwao walikuwemo Gran na Sletten wenyewe, yaani mwenye kugundua na mwenzake wa miaka ya 1970. Mtu anaweza kufikiri vipago au fundo ni ubishi wa wataalamu wasio na kazi. Lakini bila fundo, maelezo yote ya kwa nini chai ya kalata-kalata inapona kwenye moto na tumboni yanayumba, na jina la ukoo mzima linayumba nayo.

Ugumu ulitoka kwenye biofizikia yenyewe. NMR hupima umbali kati ya atomi za haidrojeni zilizo jirani, na salfa haina haidrojeni ya kutoa ushahidi. Sisteini sita zimebanana katikati ya molekuli kiasi kwamba umbali unaopimwa unaweza kukubaliana na mpangilio zaidi ya mmoja. Kundi la Craik lilijibu kwa njia mbili. Johan Rosengren aliongoza uchambuzi mpya wa NMR mwaka 2003, na picha ikaelemea kwenye fundo. Lakini Craik hakutaka ubishi wa NMR uamuliwe na NMR peke yake. Mwaka huohuo yeye na Ulf Göransson walikwenda kwenye kemia ya mikono: wakafungua vifungo kimoja baada ya kingine kwa uangalifu, kila sisteini iliyoachiwa wakaitia alama isiweze kurudi, kisha wakaikata peptidi vipande na kupima kila kipande uzito. Ya kwanza na ya nne. Ya pili na ya tano. Ya tatu na ya sita. Fundo lilikuwepo.

Namheshimu sana kwa hilo. Mtu wa mashine alipobishiwa na mashine alitafuta shahidi wa aina nyingine, asiyeweza kukosea kwa namna ileile.

Wakati huo swali lingine lilikuwa limeshaulizwa, nalo lilitoka kwa mtu wa mimea. Marilyn Anderson, wa La Trobe, alitaka kujua mmea wenyewe unanufaika na nini. Kalata-kalata haina mfuko wa uzazi. Mwaka 2001 kundi lake pamoja na Craik lilionyesha jeni inayoizaa kalata B1, likaonyesha pia kwamba peptidi hiyo hutoka ndani ya protini kubwa zaidi inayokatwa. Kisha wakaichanganya kwenye chakula cha funza wa Helicoverpa punctigera, ndugu wa karibu wa funza wa vitumba anayewatesa wakulima wetu wa pamba. Funza walidumaa. Uchunguzi wa baadaye, wa 2008, uliona chembe za utumbo wao zikivimba na kupasuka. Saiklotaidi ni ulinzi wa jani. Nchini Australia sasa inauzwa dawa ya kunyunyizia pamba iliyokamuliwa kutoka kwenye Clitoria ternatea, ule mmea wa maua ya buluu ambayo watu huyatengenezea chai, nao una saiklotaidi zake.

Jinsi inavyopasua ni somo zuri la biofizikia. Ngozi ya chembe hai imetengenezwa kwa mafuta ya aina mbalimbali, na kalata B1 inashikana hasa na aina moja yenye kichwa cha ethanolamini. Ikishakusanyika hapo inatoboa. Ili kujua kama inachagua kweli au inanata tu kwa kupenda mafuta, kundi la Craik lilitengeneza kalata B1 ya kioo, yenye umbo lilelile lakini kama mkono wa kushoto ulivyo kwa wa kulia. Uzito uleule, unataji uleule. Nguvu yake ilipungua. Kwa hiyo inachagua.

Kutengeneza molekuli ya namna hiyo si kazi ndogo. Mnyororo hujengwa juu ya punje za plastiki, asidi amino moja moja, kwa njia aliyoianzisha Bruce Merrifield, kisha huunganishwa ncha kwa ncha na kuachwa ijikunje. Mmea hufanya hatua ya kuunganisha kwa kimeng'enya kinachokata baada ya asidi amino ya mwisho na papo hapo kuishona kwa ya kwanza. Kimeng'enya cha kalata-kalata chenyewe kimeshatolewa na kutumika maabara kama sindano ya kushonea peptidi nyingine.

Na tangu mwanzo Craik alikuwa na ndoto ya dawa. Kama vipande vilivyo kati ya sisteini hubadilika kutoka mmea mmoja hadi mwingine bila fundo kuharibika, basi mtu naye anaweza kubadilisha: kuondoa kipande kimoja na kupachika kingine chenye kazi ya dawa, ili peptidi dhaifu ipate nyumba imara. Alijaribu pia kinyume chake, kuchukua peptidi isiyo ya mmea na kuifunga duara. Mwaka 2010 kundi lake lilifunga sumu ya konokono wa baharini, Vc1.1, kwa kiungo kifupi cha asidi amino, na ikapunguza maumivu ya neva kwa panya walioinywa.

Mfuko wa uzazi, lile jambo lililoanzisha yote, ulichelewa kupata jibu. Ni mwaka 2013 ambapo kundi la Christian Gruber wa Vienna, aliyewahi kufanya utafiti na Craik huko Brisbane, lilionyesha kwamba peptidi moja ya mmea uleule, kalata B7, inashika kipokezi cha oksitosini chenyewe. Sehemu yake fulani inafanana na oksitosini. Akina mama wale walikuwa wakinywa ufunguo wa kufuli lilelile. Lakini wodi za wazazi hazikusubiri. Oksitosini isiyoogopa joto ilitafutwa kwa njia nyingine, kwa kuibadilisha oksitosini yenyewe, na mwaka 2018 yalichapishwa majaribio ya kabetosini inayostahimili joto kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo. Ilizuia kutokwa na damu baada ya kujifungua sawasawa na oksitosini.

Kuna jambo linaloniuma, nami siwezi kulipita. Mkataba wa Nagoya, unaotaka jamii zenye maarifa ya mimea zishirikishwe faida, ulipitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika 2014. Gran alichukua majani nusu karne kabla. Kwa sheria za wakati wake hakuvunja kitu. Lakini kila takwimu niliyoitaja hapa imesimama juu ya ushahidi wa kwanza kabisa, kwamba dawa hii inachemshwa na kunywewa, na ushahidi huo haukutoka maabara yoyote. Mwanakemia yeyote wa 1960 angeambiwa na vitabu vyake asijaribu. Wanawake wa Kongo walikuwa wameshajaribu, wakajua kipimo cha majani na wakati wa kunywa. Huo ni utafiti, na waliofanya utafiti hustahili kuandikwa.

Mwaka 2016 Gruber na wenzake walichapisha matokeo ya kalata B1 iliyobadilishwa mahali pamoja tu: asidi amino ya 20, threonini, imetolewa na kuwekwa lisini. Walikuwa wakitafuta dawa ya ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mishipa ya fahamu. Panya waliopewa walichelewa kuugua na walipungukiwa makali. Peptidi hiyo hawakuchomwa sindano. Walinyweshwa.